Hatutachagua kati ya mitihani na mji wetu

Vijana wenzetu wa Katindo, Ndosho, Majengo, Himbi, Birere na Goma yote,

Kila sesioni ikikaribia, wimbo ni ule ule. Wazazi, profesa, jirani, hata motari mwenye kutubeba asubuhi, wote wanatuambia: «Nyinyi muko mafinalisti wa sheria. Muache mambo ya inchi. Musome kwanza, mupate diplome, kisha mutaongea.» Wengine hawafichi: «Vijana wa muvema ni wale benye kushindwa masomo.»

Leo tunajibu. Tunasoma. Na ni kwa sababu tunasoma ndiyo hatuwezi kunyamaza.

Usiku tuko na silabi ya sheria ya katiba ku magoti na tochi ya telefone mu mkono. Kifungu cha 48 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinahakikisha nyumba inayofaa, maji safi ya kunywa na umeme. Tunakijua kwa kichwa. Saa kumi na moja asubuhi tunaweka silabi chini, tunabeba bidoni, tunateremka ku ziwa. Ziwa Kivu lote liko pale, na mji wenye kukaa pembeni yake una kiu. Saa mbili tuko mu sale ya mitihani na swali linatungoja: eleza haki za kijamii za raia wa Kongo. Tunaandika kurasa tatu, na mabega ingali inauma kwa sababu ya bidoni.

Wanatuambia tuache mji inje ya daftari. Mji wenyewe ndio uliingia mu daftari.

Profesa alitufundisha kifungu cha 144: eta de sieje, ule utawala wa dharura, inatangazwa kwa siku 30, kisha inaweza kuongezwa siku 15 kwa siku 15. Hapa Kivu ya Kaskazini ilianza tarehe 6 Mei 2021. Tulipanda promosheni moja kisha ingine, na zile siku 30 zilikuwa hazijaisha. Tulisoma mwenendo wa kesi za jinai kwa korti za kiraia, wakati raia walikuwa wanapelekwa mbele ya korti za kijeshi.

Halafu mwisho wa Januari 2025, M23 wakisaidiwa na jeshi la Rwanda wakachukua mji. Gereza la Munzenze likabaki wazi. Korti za Jamhuri zikanyamaza. Sisi tunajifunza namna ya kuandika mashitaka mu mji ambamo hatujui tuyapeleke wapi. Wakili anakula kiapo mbele ya Korti ya Rufaa. Sisi wa Goma tutakula chetu wapi, na mbele ya nani?

Tuongee pia feza, sababu mambo mengi yanakufia pale. Mji ulipochukuliwa, benki zilifungwa. Minervali inahesabiwa kwa dola. Mzazi anatuma kwa telefone, mwenye kibanda anakata yake mbele ya kukupa noti, na ile anakata ni kubwa kuliko tuliyozoea. Mwenzetu mumoja alisoma wiki tatu, akafika ku mlango wa sale mapema, akarudishwa kwa sababu alibakiza dola 40. Hatutaji iniversite yake, sababu hii si shida ya iniversite moja. Lakini tunauliza: kifungu cha 42 kinasema mamlaka zina wajibu wa kulinda vijana na kila kitu chenye kuharibu afya yao na masomo yao. Mwenye kusimama ku ule mlango alikuwa analinda nani?

Na sisi wenyewe tusijidanganye. Kuko kati yetu wenye kuacha kusoma, kisha wanasema ni vita. Kuko wenye kununua pointi. Tunawaambia bila kuzunguka: mwenye kununua pointi leo, kesho atanunua hukumu, na siku hiyo asiseme tena kwamba haki ya Kongo imeoza. Kupigania mji hakumpatii mutu ruhusa ya kuanguka mutihani. Raia mwenye kushika sheria vizuri ndiye anaogopesha wenye bunduki na wenye kuiba.

Kwa hiyo tunaomba, na tunaomba kwa sauti:

1. Hakuna finalisti atakayefukuzwa mu sale kwa deni. Asaini ahadi ya kulipa, afanye mutihani, deni liongelewe kisha.

2. Mitihani ianze saa tatu, iishe mbele ya saa tisa, ili anayekaa mbali afike na arudi nyumbani mwangaza ungali.

3. Aliyekosa mutihani kwa sababu risasi zililia mu kartie yake apewe siku ingine, bila kutupwa mu sesioni ya pili kama mvivu.

4. Kinshasa na wale wanaotawala Goma kwa bunduki wasifanye diplome zetu kuwa kitu cha kubishania. Tumefanya masomo ya Kongo. Tunataka karatasi yenye kutambuliwa Kongo nzima.

5. Na wewe finalisti: soma pamoja na wengine. Mwenye umeme afungulie jirani. Mwenye silabi aitoe fotokopi. Mwenye kuelewa aeleze. Mwenzako akikosa dola za mwisho, mukusanye kidogo kidogo ku promosheni mbele ya siku ya mutihani, si kisha ya kulia.

Kwa wazazi wetu tunasema kwa heshima: mulitutuma tukasome sheria. Mulitaka tufanye nini nayo, tuifunge mu sanduku pamoja na diplome? Mulibeba chukudu, mukauza makala na mihogo, ili sisi tujue vifungu. Sasa tunavijua. Hatuwezi kujifanya kama hatukuvisoma.

Usiku wa leo tutawasha tochi. Kesho asubuhi tutabeba bidoni. Saa tatu tutaingia mu sale, na tukitoka, tutakuwa bado raia wa huu mji.

Goma, sisi vijana.