Mwongozo wa simu nao usikie

Msomaji, ikiwa una mzazi Mwingi, Mutomo, Wote au Kibwezi, huenda amekwisha kubishiwa hodi na mhamasishaji wa afya ya jamii mwenye simu mkononi. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahamasishaji 100,000 kote nchini vifaa vya kazi pamoja na simu, kila mmoja akitarajiwa kuhudumia nyumba zipatazo 100. Simu hiyo si ya kujazia takwimu tu. Humwongoza hatua kwa hatua: uliza hili, pima lile, huyu mpeleke zahanati.

Mwongozo ni jambo jema. Mtoto anayekohoa, kwa mfano, huhesabiwa pumzi kwa dakika nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au mwenye miezi 12 hadi 59 akifikisha 40, hiyo ni dalili ya nimonia. Hata asiye daktari aweza kuokoa maisha kwa hesabu hiyo, mradi agizo limeeleweka.

Hapo ndipo penye shaka yangu. Maagizo huandikwa ofisini, lakini hutekelezwa uani. Nyanya huenda asikumbuke tarehe aliyozaliwa mjukuu, ila ajua kwamba ilikuwa wakati wa mvua za Novemba. Swali lililo wazi kwa Kiswahili laweza kugeuka jingine kabisa likifasiriwa kwa Kikamba. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa hiyo, maoni yangu ni kwamba kila hatua ya mwongozo iwe na kiungo cha kubonyeza papo hapo, wala si kungoja mkutano wa mwisho wa mwezi, wakati mtu amekwisha kusahau. Maswali yawe machache: Agizo limeeleweka? Limewezekana? Kama halikuwezekana, kizuizi ni nini? Jibu liende pamoja na namba ya hatua na toleo la mwongozo, ili anayerekebisha ajue pa kugusa. Pasipo mtandao, lihifadhiwe simuni na kutumwa baadaye. Jina la mgonjwa lisiwemo, kwani sheria ya mwaka 2019 ya kulinda data huhesabu habari za afya kuwa nyeti.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi wa kompyuta. Wakumbuke mwaka 2004, sumu ya aflatoksini katika mahindi ilipowapata watu 317 na kuwaua 125, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Uchunguzi ulionyesha kwamba kuhifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba kuliongeza hatari. Lakini kumwambia mtu "kausha vizuri, weka ghalani" hakutoshi ikiwa hana ghala au anaogopa wezi. Asipokuwa na njia ya kusema hivyo, agizo litarudiwa neno kwa neno mwaka hadi mwaka, na sumu ibaki palepale.

Kiungo pekee, hata hivyo, hakitoshi. Kila kaunti iwe na afisa wa kusoma majibu hayo kila wiki na kumjibu aliyeandika. Mhamasishaji asiyejibiwa mara mbili hataandika mara ya tatu. Wala asiadhibiwe kwa kusema agizo limemshinda. Tena kiungo kisifanywe mahali pa kuripotia dharura: mtoto mwenye degedege au asiyeweza kunyonya apelekwe hospitali kwanza, maoni yafuate baadaye.

Nawe msomaji, ukipiga simu nyumbani wiki hii, muulize mama: alipopimwa presha, alielewa alichoambiwa? Aliambiwa apimwe tena lini? Kama hakuelewa, asione haya kumwambia mhamasishaji. Naye mhamasishaji apewe pa kubonyeza, na mtu wa kumsikia upande wa pili.