Hofu Huingia kwa Sikio

Mtu akitishika na picha ya sinema hufumba macho. Nimewatazama sana watu ukumbini: viganja usoni, na vidole vimepanuliwa kidogo ili wapate kuchungulia. Ni nadra mno kumwona aliyeziba masikio. Na hapo ndipo wanapojidanganya, wasomaji wapenzi, kwani kinachowatetemesha aghalabu hakiko machoni.

Chukueni mathalan "Psycho", filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960. Hitchcock alitaka tukio la mwanamke kuuawa bafuni lipite bila muziki wowote. Mtunzi wake, Bernard Herrmann, akautunga hata hivyo, akamsikilizisha, na bwana mkubwa akageuza rai yake. Herrmann hakutia ngoma wala tarumbeta. Filamu nzima ni ala za nyuzi tupu. Ni fidla ile ile tuijuayo sisi watu wa Pwani, iliayo kwa huba katika taarab, yeye akaifanya ipige ukelele. Mengi ambayo mtazamaji huapa kuwa ameyaona bafuni mle, kwa hakika aliyasikia.

Lakini isidhaniwe kwamba siri ni kupiga kelele. Katika "Jaws" ya Steven Spielberg, ya mwaka 1975, papa wa mtambo alikuwa akiharibika kila mara baharini, ikabidi afichwe. John Williams akamwekea noti mbili tu, zikirudiwa polepole, kisha mbiombio, kama moyo wa mtu anayekimbizwa. Wengi huzisifu noti hizo. Mimi nasifu pale zilipokosekana. Watoto wawili wanapowahadaa waogaji kwa pezi la bandia, muziki haupigwi. Basi mtazamaji hujifunza mwenyewe: noti zikilia, papa yupo; zikinyamaza, ni salama. Akishaamini hivyo, papa huibua kichwa ubavuni mwa mashua pasi na noti hata moja! Sauti ilifanywa shahidi mwaminifu, kisha shahidi akazibwa mdomo.

Na Jules Dassin alithubutu zaidi. Katika "Rififi", iliyotengenezwa Ufaransa mwaka 1955, wezi watoboa sakafu ya ghorofa ili washukie duka la vito mjini Paris, na kwa karibu nusu saa hakuna neno wala muziki. Wapenyeza mwavuli kwenye tundu, waufungulia chini, ili vifusi vidondokee humo visisikike. Mtazamaji hujizuia kukohoa, utadhani atawakamatisha.

Sasa tugeukie kwetu. Katika michezo mingi ya televisheni na filamu zetu, mwovu hajakanyaga kizingiti, tayari kinanda cha umeme kinanguruma. Mama akipika, kinanda. Polisi akifungua faili, kinanda. Lini basi nitaogopa, ikiwa nimetishwa tangu mwanzo hata sikio likachoka? Mshairi ajua kwamba ubeti usio na kituo humkata pumzi mwimbaji. Naona pia kwamba fedha zote huishia kwenye kamera, na maikrofoni hununuliwa kwa makombo, kisha muziki humwagwa juu ili kuficha maneno yasiyosikika. Ajabu ni kwamba sisi tumelelewa na michezo ya redio, ambayo haikuwa na kitu ila sauti. Mlango ulilia, hatua zikaja, zikasimama, na nyumba nzima ikanyamaza.

Wala hatuna haja ya kukopa. Katika vichochoro vya Lamu mtu husikika kabla hajaonekana: makubadhi yakiburura, komeo la mlango likisukumwa, maji ya kujaa yakigonga ubavu wa jahazi. Ndugu zangu watayarishaji, mpigeni picha mtu anayefuatwa mle usiku. Makubadhi yawe ya watu wawili. Kisha ya mmoja yanyamaze. Muonyesheni mtu asiyeijua hadithi, kabla hamjatia muziki wowote. Akikamata mikono ya kiti, mpiga kinanda na aende zake akanywe kahawa.