ASILIMIA YA NINI?



Siku hizi kila mtu ana asilimia mdomoni. Redio inasema asilimia, mabango yanasema asilimia, hata mganga anayebandika vikaratasi kwenye nguzo za umeme anaahidi kumrudisha mume kwa asilimia mia moja. Mkutanoni mtu anasimama: "Naunga mkono asilimia mia mbili!" Hiyo mia ya pili anaitoa wapi jamani? Huyo tumsamehe, ana furaha tu. Tusiyemsamehe ni yule anayetumia asilimia kututoa fedha mfukoni.

Neno lenyewe lina mia ndani yake. Asilimia kumi ni kumi katika kila mia. Sasa mia ya nini, na kwa muda gani? Hapo ndipo wanapotupitia.

Tuchukue mikopo, maana msimu wa kulima unakaribia na mawakala wameanza kupita nyumba kwa nyumba. "Riba asilimia kumi tu, mama." Kumi tu! Hasemi ni kwa mwaka, kwa mwezi au kwa wiki. Haya, kopa shilingi 100,000. Ikiwa ni kumi kwa mwaka, riba ni 10,000. Ikiwa ni kwa mwezi, na deni likakaa mwaka mzima, riba ni 120,000, yaani imeupita mkopo wenyewe. Ikiwa ni kwa wiki, kama wafanyavyo hao wa kausha damu, ni 520,000. Na neno ni lile lile, kumi tu. Kina mama wanabebewa vitanda na masufuria kwa sababu ya neno moja ambalo wakala hakulitamka. Huo ni unyonyaji, hauna jina lingine.

Serikali haikulala. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, na Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Lakini Benki Kuu iko mbali na wakala yuko mlangoni. Kwa hiyo sisi tunasema: mwanachama asitie saini wala dole gumba mpaka wakala aandike kwa shilingi. Unapokea ngapi mkononi, unarudisha ngapi, tarehe ipi. Akikataa kuandika, mpe maji ya kunywa aende zake.

Na ieleweke kwamba ile asilimia 10 ya halmashauri siyo riba. Ni fungu linalotengwa kwenye mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo wake hauna riba kabisa. Mtu akiisikia kumi hiyo akadhani ni ya wakala, ataogopa ya bure akimbilie ya kumuua.

Kwenye dhahabu nako ni hivyo hivyo. Mrabaha ulipandishwa mwaka 2017 kutoka asilimia 4 hadi 6. Sita ya nini? Ya thamani ghafi ya dhahabu, siyo ya faida. Mchimbaji aliyeuza ya 1,000,000 atalipa 60,000 hata kama shimo lilimla 1,200,000. Vijana wetu wanaochanga fedha kwenda mashimoni wapige hesabu hiyo kabla ya kugawana mifuko.

Sabuni inayoua vijidudu asilimia 99.9 tunaisikia kila siku. Ikiwa vilikuwa milioni moja, vimebaki elfu moja. Wewe nawa tu, ila usiache kuchemsha maji kwa sababu ya tangazo.

Bei ya pamba nayo. Mtu anasema ilishuka asilimia 50, sasa imepanda asilimia 50, basi tumerudi pale pale. Hapana! Ilikuwa 1,000, ikashuka ikawa 500. Nusu ya 500 ni 250. Tuko 750, na aliyesema tumerudi pale pale huenda ndiye mwenye mizani.

Siyo kila asilimia ni ya uongo. Mfuko wa Urea wa kilo 50 ulioandikwa 46 unatakiwa kuwa na kilo 23 za naitrojeni. Hiyo inapimika, na mwuzaji akidanganya anakamatika. Hata taarifa za mikutano ziwe hivyo. Kuandika "wameafiki kwa asilimia mia" wakati waliokuja ni kumi na tisa hakutusaidii kitu. Iandikwe kumi na tisa.

Jumatano jioni, darasa la kisomo litazifanya hesabu hizi ubaoni, pale ghalani. Mwenye karatasi ya mkopo aje nayo, hata kama ameshasaini. Asiyejua kusoma tutamsomea.

Katibu wa Tawi