Heshima kwa Mwalimu Anayegeuka Nyuma

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, ndani ya korongo la Ol Njorowa, katika Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha, mawingu yenyewe huenda usiyaone. Huko, anayetembea chini huona ukanda mwembamba tu wa anga, ilhali mvua inayoweza kumwangamiza inanyesha mbali naye.

Miaka kadhaa iliyopita niliandamana na wanafunzi wa shule moja ya upili hadi mbugani humo. Jua lilikuwa kali na vumbi limetanda. Tulipofika ukingoni mwa korongo, mwelekezi wetu alitazama milimani kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, leo hatuingii." Wanafunzi walinung'unika. Nakiri kwamba hata mimi nilinuna, nikiwazia nauli iliyolipwa na wazazi waliojinyima. Muda haukupita mrefu kabla ya maji mekundu ya matope kupita chini yetu kwa kishindo, yakisukuma magogo. Hakuna aliyenung'unika tena.

Wengine hawakubahatika. Aprili 2012, mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana saba wa kundi la kanisa waliokuwa wakizuru korongo hilo. Septemba 2019, watu wengine saba waliangamia, akiwemo mwelekezi wao. Yafaa ikumbukwe kwamba Septemba si mwezi wa masika. Kwa hivyo, kutegemea kalenda pekee ni kujidanganya. Ardhi ile kavu ya miamba ya volkano hainywi maji upesi. Mvua ikinyesha, maji yote hukimbilia mfereji mmoja wenye kuta ndefu na telezi.

Sisemi kwamba shule zikae mbali na Hell's Gate. La hasha! Mbuga hiyo, iliyotengwa mwaka 1984, ni miongoni mwa chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Mwanafunzi hujionea mnara wa Fischer, ambao ni mabaki ya volkano ya kale. Hugusa maji moto yanayochuruzika miambani, na hapo jirani huona mvuke wa Olkaria ukizalisha umeme. Somo la Bonde la Ufa lililokuwa gumu kitabuni humwingia bila kulazimishwa.

Ninachopinga ni pupa. Basi limekodiwa, ada imelipwa, ratiba imeandikwa. Basi mwalimu huona haya kurudi kabla ya kufika alikokusudia. Walimu wakuu na wazazi hawana budi kumwondolea haya hiyo. Kila safari iwe na mpango wa pili, ili korongo likikataa, siku isipotee. Mwalimu aulize langoni asubuhi hiyo hiyo iwapo korongo limefunguliwa, na neno la mwelekezi liwe amri. Nanyi wanafunzi, msimshinikize mwalimu wenu kwa manung'uniko kama tulivyofanya sisi.

Korongo limekuwapo kwa maelfu ya miaka na litawangoja hadi muhula ujao. Mwalimu akirejea shuleni na wanafunzi wote, hata kama hawakuliona, apokewe kwa shukrani, wala asiulizwe pesa zilikwenda wapi.