Paa Si Ayala: Majibu kwa Mbishi wa Upanga

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Upanga hakikosi bingwa wa kila jambo. Juzi zamu ilikuwa ya wanyama.

"Paa ni ayala mdogo wa nchi za joto." Hata kidogo. Pembe za ayala ni mfupa mtupu, zina matawi, hudondoka na kuota upya kila mwaka. Ya paa haidondoki: ni kifupa kilichovikwa gamba. Asiyeamini aende Kariakoo kwa wanaobabua vichwa vya mbuzi. Pembe ikishika moto hugongwa kidogo, gamba likachomoka, kifupa kikabaki. Paa yumo ukoo huo wa mbuzi na ng'ombe. Ayala wa asili Afrika yuko kaskazini tu, Algeria na Tunisia.

"Wadogo wote ni ndugu." Hapa ndipo alipopotea zaidi. Paa wa Pwani, Nesotragus moschatus, hafikii hata kilo kumi, na ukimwona gizani utamdhania digidigi. Lakini vipimo vya DNA vinamweka karibu na swala pala, jitu mbele yake. Paa nunga wa Unguja naye ni wa kundi jingine, la minde wa Kilimanjaro. Ukiwahesabu paa na paa nunga pamoja, walio wengi watawaficha wanaotoweka. Na yule mnyama mdogo wa msitu wa Ituri, Kongo, Hyemoschus aquaticus? Hana pembe kabisa, dume ana meno marefu kama ya ngiri. Si ayala wala swala.

"Majina ya kisayansi ni ya Wazungu waliowagundua." Nusu kweli. Digidigi alipewa jina la John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, mwaka 1880. Paa nunga la Aders, mtumishi wa serikali huko huko, mwaka 1918. Mtegaji aliyemnasa mnyama hayumo katika majina hayo. Ila jina halithibitishi ugunduzi. Linashikilia kielelezo na maelezo yaliyochapishwa. Cha paa kilitoka Chapwani, kisiwa cha jirani na Mji Mkongwe, kikaelezwa 1846.

"Majina hubadilika, basi wanabahatisha." Paa alihamishiwa Neotragus, akarudishwa Nesotragus kwa ushahidi wa DNA, moschatus haikuguswa. Ugomvi wa kweli uko kwenye idadi: mwaka 2011 Colin Groves na Peter Grubb walimgawa digidigi wa Kirk kuwa spishi kadhaa, na wenzao wengi hawajakubali. Hapo bingwa wetu angepata pa kubishia, ila hakupagusa.