Kabla ya kutoa bakshishi, isome bili

Msomaji, siku hizi si ajabu kusikia kwamba jirani yako amekwenda Dubai kununua bidhaa za duka lake, au kwamba mama fulani yuko Chennai na mgonjwa wake, au kwamba kijana wa mtaani mwenu amepata nafasi katika chuo kikuu huko Marekani. Kabla ya safari kama hizo huwa tunaulizana mambo mengi: visa, uzito wa mizigo, nguo za baridi na mahali pa kubadilishia pesa. Lakini kuna jambo moja ambalo ni nadra kuulizana, nalo humngoja msafiri siku ya kwanza tu anapoketi mkahawani kula. Jambo hilo ni bakshishi.

Chakula kimeliwa, sahani zimeondolewa na bili imeletwa. Juu pameandikwa bei ya vyakula, chini yake kodi, na chini ya kodi kuna mstari mwingine wa pesa ambazo hukuziagiza. Je, ulipe tu? Je, juu ya hizo uongeze za mhudumu? Ukiondoka bila kuacha kitu utaonekana bahili? Na ukiacha, je, utakuwa umelipa mara mbili?

Wengi wetu hapo hujiuliza, "Nitoe ngapi?" Mimi nakushauri uanze na swali jingine: mhudumu huyu analipwa na nani? Ukishalijua jibu la hilo, la kiasi halitakusumbua.

Hapa kwetu mambo ni mepesi. Mteja akifurahishwa na huduma humwachia mhudumu chenji, hamsini au mia, na asipoacha hakuna atakayemkimbiza. Mshahara wa mhudumu ni wajibu wa mwenye hoteli. Tatizo letu ni kwamba neno "chai" tumelitumia kwa bakshishi na kwa hongo pia, hata wako wanaodhani kwamba kumpa mhudumu pesa ni kumhonga. La hasha! Hongo hutolewa kabla, ili upewe kisicho haki yako. Bakshishi hutolewa baada, kwa kazi ambayo tayari imefanywa. Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni kitu cha kupewa tu, yaani tunu.

Lakini ukifika Marekani, sahau habari ya tunu. Kule bakshishi ni sehemu ya mshahara. Sheria ya nchi nzima inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, kiasi ambacho hakifiki shilingi 300 za Kenya, na kiwango hicho hakijabadilishwa tangu mwaka wa 1991. Kima cha chini cha wafanyakazi wengine ni dola 7.25 kwa saa, nacho ni cha tangu 2009. Pengo lililo katikati linatarajiwa kuzibwa na wewe mteja. Lisipozibika, sheria inamtaka mwajiri alijaze. Yako majimbo, kama California na Washington, yanayomlazimu mwajiri kulipa kima kamili kabla ya bakshishi, lakini hata huko desturi ya kutoa ingali na nguvu.

Desturi hii ina historia yenye uchungu. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika mwaka wa 1865 na watumwa kuachwa huru, waajiri wengi waliwachukua watu weusi kwa ujira duni wakijua kwamba abiria na wateja watawatupia sarafu. Kampuni ya Pullman, iliyokuwa na mabehewa ya kulala ya treni, iliajiri maelfu ya wanaume weusi kwa mtindo huo. Waliunda chama chao mwaka wa 1925 chini ya uongozi wa A. Philip Randolph, na ilibidi wasubiri hadi 1937 ndipo kampuni ikatia sahihi mkataba nao. Wamarekani wenyewe walijaribu kuipiga marufuku bakshishi. Jimbo la Washington lilitunga sheria hiyo mwaka wa 1909 na majimbo mengine kadhaa yakafuata, lakini kufikia 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimefutwa.

Kwa hivyo wewe mwanafunzi uliyeko Marekani, ukila katika mkahawa wenye wahudumu, weka akilini asilimia 15 hadi 20 ya bei ya chakula. Chakula cha dola 30 maana yake ni bakshishi ya dola 4.50 hadi 6, mbali na kodi. Katika jiji la New York, ambako kodi ya mauzo ni asilimia 8.875, wenyeji wana njia yao ya mkato: huitazama kodi kwenye bili, wakaizidisha mara mbili, na hiyo ndiyo bakshishi. Ikiwa mfuko hauruhusu, nenda kwenye vibanda vya kujichukulia chakula kaunta, ambako hutarajiwi kutoa kiasi kama hicho. Lakini kuketi, kuhudumiwa saa nzima kisha kuondoka mikono mitupu, kule ni kama kumfanyisha mtu kazi bila malipo.

Sasa tahadhari. Mkienda watu sita au zaidi, mikahawa mingi ya Marekani hujiongezea yenyewe asilimia 18 au 20. Tuseme ni jamaa saba waliokwenda mahafali ya mtoto wao, na chakula chao ni dola 200. Mkahawa umekwisha kuongeza dola 36. Hata hivyo, chini ya karatasi utakuta bado pameachwa nafasi tupu ya kuandika bakshishi. Mgeni asiyesoma huandika dola nyingine 40. Tena kuna tofauti ya kisheria ambayo wengi hawaijui: bakshishi unayoitoa kwa hiari ni mali ya mfanyakazi, na tangu 2018 sheria inamkataza mwajiri kujiwekea. Lakini ada inayotozwa kwa lazima huhesabiwa kuwa pato la mkahawa, na mwenye mkahawa ndiye huamua atakavyoigawa. Si vibaya kumwuliza mhudumu kwa upole, "Je, pesa hizi zinakufikia?"

Uingereza ni tofauti. Mhudumu wa kule hulipwa kima cha chini kama mfanyakazi mwingine yeyote, na tangu Oktoba 2009 mwajiri haruhusiwi kutumia bakshishi kukitimiza kima hicho. Hata hivyo, mikahawa mingi ya London huongeza ada ya huduma ya asilimia 12.5. Watu wanne wakila vya pauni 80, ada ni pauni 10, na jumla ni 90. Kando ya ada hiyo aghalabu huandikwa neno "discretionary", yaani ni hiari yako. Ikiwa huduma ilikuwa mbovu, una haki ya kuomba iondolewe, nao wataiondoa. Ukiilipa, usitoe tena mashine ya kadi inapokuuliza kama ungependa kuongeza kitu. Na jambo la kufurahisha ni kwamba tangu Oktoba 1, 2024, sheria inawataka waajiri wa Uingereza, Wales na Scotland kuwapa wafanyakazi bakshishi na ada hizo zote bila kukata hata senti.

Ukivuka bahari kuingia Ufaransa, mzigo unakuwa mwepesi zaidi. Tangu 1987 bei iliyo kwenye orodha ya vyakula ni lazima iwe imejumuisha kodi na huduma. Ndiyo maana utaona maneno "service compris". Wenyeji huacha sarafu mbili tatu wakiridhika, basi. Italia nako utakuta neno "coperto" kwenye bili. Usije ukagombana na mtu. Hayo ni malipo ya kiti, kitambaa cha meza na mkate, aghalabu euro moja hadi tatu kwa kila mtu, na hayana uhusiano na kazi ya mhudumu.

Kwa wale wanaopeleka wagonjwa India, iko habari ya kuwafaa. Kwa miaka mingi mikahawa ya huko iliongeza ada ya huduma, mara nyingi asilimia 10, bila kumwuliza mteja. Mwezi wa Julai 2022, mamlaka ya serikali ya kuwalinda wateja ilitoa mwongozo wa kukataza ada hiyo kuongezwa yenyewe kwenye bili. Wenye mikahawa wakaenda mahakamani. Machi 2025, Mahakama Kuu ya Delhi iliamua kwamba mwongozo huo ni halali. Kwa hivyo ukiiona ada hiyo kwenye bili yako, unaweza kukataa bila haya. Ukipenda kumpa mhudumu chochote, mpe mwenyewe mkononi.

Dubai, hasa kwenye mikahawa iliyo ndani ya hoteli kubwa, utakutana na mambo matatu: ada ya huduma ya asilimia 10, ada ya baraza la mji ya asilimia 7, na ushuru wa VAT wa asilimia 5 ulioanza mwaka wa 2018. Mara nyingi huwa vimekwisha kujumuishwa katika bei, na maandishi madogo chini ya orodha ya vyakula yatakueleza. Lakini ada ya huduma huingia kwanza kwenye sanduku la mkahawa, na si lazima imfikie aliyekuhudumia. Hapa mimi huwakumbusha wenzangu jambo moja. Katika miji ya Uarabuni, anayekuletea sahani anaweza kuwa mtoto wa Kisumu, Machakos au Mombasa, aliyeacha mama yake nyumbani akingoja pesa za karo ya wadogo zake. Dirhamu tano au kumi ulizomwekea mkononi zinaweza kuwa na maana kuliko ada yote iliyoandikwa kwenye bili.

Mashariki ya mbali ndiko utakakojifunza kwamba kutoa si wema kila mahali. Japani hawatoi bakshishi. Ukiacha pesa mezani, mhudumu anaweza kukufuata mlangoni akidhani umesahau chenji yako. Kwao kukuhudumia vizuri ni kazi waliyokwisha kulipwa. Singapore nayo huandika bei ikifuatwa na alama mbili za kujumlisha. Ya kwanza ni ada ya huduma ya asilimia 10, na ya pili ni kodi ya asilimia 9. Chakula cha dola 100 za huko hugeuka kuwa dola 119.90, na baada ya hapo hudaiwi kitu.

Basi ufanyeje, msomaji? Kwanza, isome orodha ya vyakula hadi mwisho kabla ya kuagiza, kwani ada nyingi hutangazwa pale chini kwa maandishi ya sisimizi. Pili, bili ikija, isome mstari kwa mstari bila kuona haya. Mwenye kusoma bili si bahili. Tatu, ukiona ada usiyoielewa, uliza kabla hujalipa, maana ukishalipa ni vigumu kurudishiwa. Nne, tembea na noti ndogondogo za nchi ile, ili ukitaka kumpa mhudumu umpe yeye mwenyewe. Na mzazi unayemtumia mwanao pesa ng'ambo, unapopanga bajeti ya chakula chake, usihesabu bei ya sahani peke yake.

Katika Kiswahili neno "ada" lina maana mbili: desturi, na malipo. Mezani ng'ambo maana zote mbili hukutana. Usipoijua desturi, huenda ukalipa mara mbili hapa, na pale ukamnyima mtu ujira wa jasho lake. Wazee walisema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Mimi nasema ukienda kwao usilivunje. Lifungue vizuri, uisome bili.