Walimu wa Kifaransa, hii "eusse" mtupunguzie

Wacha niseme mapema ili atakayekasirika akasirike mapema: hakuna sababu ya mwanafunzi wa Kifaransa hapa Nairobi kukaa wiki mbili akikariri vitenzi kwenye plus-que-parfait du subjonctif. Wiki mbili, bana! Na amelipa karo.

Kwa wale ambao hamjawahi kukutana na huyu mnyama, ni hivi. Subjonctif ni ile hali ya kitenzi inayokuja mtu anapotaka jambo, analiogopa au analitilia shaka. Hata sisi tunayo. Ukisema "nataka aende", ile -e ya mwisho ndiyo hiyo. Yetu ni moja tu, imetulia. Wafaransa wanazo nne, na hii ndiyo ya mwisho kwenye foleni: jambo ambalo lingekuwa limeshatokea kabla ya jambo lingine lililopita. "Niliogopa kwamba alikuwa amesahau" inakuwa "Je craignais qu'il eût oublié".

Inatisha ukiiona. Lakini ifungue ndani uone ilivyoundwa. Unachukua avoir au être katika imparfait du subjonctif, unaongeza participe passé, basi. Upande wa avoir: eusse, eusses, eût, eussions, eussiez, eussent. Upande wa être: fusse, fusses, fût, fussions, fussiez, fussent. Maumbo 12 pekee. Ukishayajua, umejua kila kitenzi cha Kifaransa katika wakati huo, kwa sababu kinachobadilika ni lile neno la mwisho tu: eût parlé, eût fini, eût vendu. Sasa kitu cha maumbo 12 kinajazaje daftari zima?

Halafu kuna swali ambalo hatuulizi darasani: nani anaongea hivi? Ukienda Paris, Montréal au Kinshasa, mtu atakwambia "Je craignais qu'il ait oublié" na maisha yataendelea. Hata serikali ya Ufaransa ililegeza kamba kitambo. Agizo la wizara yao ya elimu la tarehe 28 Desemba 1976 lilisema kwamba kwenye mitihani, mwanafunzi akiandika "ait oublié" mahali ambapo kanuni kali inadai "eût oublié", akubaliwe. 1976! Mfaransa mwenyewe alisamehewa zamani hivyo, halafu sisi tunaojifunza jioni baada ya kazi ndio tunabanwa?

Niliwahi kuwa katika darasa moja hapa mjini, silitaji. Mle ndani kulikuwa na nesi anayepanga kwenda Quebec, vijana wawili wanaotafuta kazi za mashirika yanayofanya kazi Kongo, na dada mmoja wa hoteli anayepokea wageni. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumweleza mtu kwa Kifaransa kwamba mzigo wake umepotea. Lakini tulikuwa tunaitwa mbele mmoja mmoja kukariri "que nous eussions, que vous eussiez". Ukisahau, unaambiwa lugha si ya kila mtu. Yule dada wa hoteli aliacha kuja. Hiyo ndiyo inaniuma. Wakati huu wa kitenzi umegeuzwa kuwa mlango wenye bawabu, wa kuamua nani ana akili na nani hana.

Msinielewe vibaya. Sisemi ufutwe. Mtu akikuambia usijifunze kabisa, anakudanganya pia. Fungua riwaya za Kifaransa za karne ya 19 na utaukuta umejaa. Blaise Pascal, katika ile hoja yake maarufu kuhusu pua ya Kleopatra, ameutumia. Na kuna mtego mdogo: "eut" na "eût" zinatofautiana kwa kofia moja tu juu ya u, lakini ya kwanza inasimulia jambo lililotokea na ya pili ni ya shaka au majuto. Usipoiona hiyo kofia, unaweza kusoma sentensi nzima upande usio wake.

Kwa hiyo msomaji anauhitaji. Mzungumzaji hauhitaji. Hata msomaji, mara nyingi atakutana na eût, eussent, fût na fussent, kwa sababu hadithi nyingi humsimulia "yeye" na "wao". Maumbo manne hayo.

Na hapa Mkenya ana bahati ambayo walimu hawaitumii. Mfaransa wa vitabuni anaweza kusema "S'il eût plu, nous fussions restés". Kwetu: "Kungalinyesha, tungalibaki." Angalia vizuri, wakati uleule umekaa pande zote mbili za sentensi, kama vile -ngali- yetu inavyodai -ngali- mwenzake. Sote tulifundishwa hivyo shuleni, na ukichanganya -nge- na -ngali- alama zinakwenda. Lakini kwenye matatu nani anasema "ningalijua"? Tunasema "ningejua" na tunaelewana. Tukiiona -ngali- kitabuni, tunaitambua bila jasho. Hivyo ndivyo eusse inavyoishi kwa Mfaransa. Anaitambua, haiongei.

Pendekezo langu ni rahisi. Kipindi kimoja, saa mbili. Tuonyeshwe maumbo 12, tupewe kurasa mbili za riwaya tuyasake, tufananishe na -ngali-, twende nyumbani. Siku zilizobaki zitumike kwa "ait", "avait" na "aurait", maana hizo ndizo utakazozihitaji mbele ya mtahini wa DELF na mbele ya bosi. Mtahini hatakukata alama kwa kusema "qu'il ait oublié". Atakukata ukinyamaza kwa sababu unatafuta eussions kichwani.

Anayependa fasihi aendelee, mimi mwenyewe napenda. Lakini huo uwe uamuzi wake, usiwe mtihani wa kumfukuza nesi darasani. Kifaransa kina njia nyingi za kusema majuto. Tusiongeze ya mtu aliyelipa karo muhula mzima na bado hawezi kuuliza njia ya kwenda stesheni.